Mkulima wa Iowa anavyoingia bunge la jimbo kwa tiketi ya Republican, njia yenyewe ilivyo

Watu wetu wengi tulioko huku Iowa, Wakongo wa Waterloo na Des Moines, Warundi, Watanzania na Wakenya waliotawanyika kwenye miji midogo, tukiongelea siasa za Marekani tunaongelea Washington tu, rais kasema hivi, Congress imegoma vile, wakati sheria zinazogusa shamba, shule ya mtoto na kodi ya ardhi zinatungwa hapahapa Des Moines kwenye lile jengo lenye kuba la dhahabu. Na mle ndani sio mawakili watupu, kuna watu wa mahindi, soya na nguruwe ambao asubuhi wamelisha mifugo na mchana wanapiga kura ya bajeti. Naeleza hapa mkulima anaingiaje mle kupitia Republican, maana vijijini Iowa hicho ndo chama chenye nguvu, uchaguzi wa Novemba 2024 kilipata viti 67 kati ya 100 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo, na kwenye maeneo mengi ya mashamba kazi yote inaishia kwenye kura za maoni za chama mwezi Juni, ile ambayo Kenya mnaiita mchujo. Novemba ni kukamilisha tu.

Ninachotaka ushike kabla ya yote ni kwamba huyu mkulima hachaguliwi mwaka anaogombea. Anachaguliwa miaka mitano, minane kabla, kwenye vikao vidogo ambavyo hakuna mtu anavitaka, na hiyo ndo sehemu nitakayokaa nayo muda mrefu.

Karatasi kwanza

Lazima uwe raia wa Marekani. Uraia wa kuomba unatosha kabisa, unakuzuia urais na umakamu wa rais, bunge la jimbo haukuzuii. Baraza la Wawakilishi miaka 21 na kuendelea, Seneti ya jimbo miaka 25, uwe umeishi Iowa mwaka mzima kabla ya uchaguzi na siku 60 ndani ya eneo unalogombea. Basi. Hakuna anayekuuliza digrii.

Sasa kwa wale wenye grini kadi naomba mnisikilize vizuri jamani. Usijiandikishe kupiga kura, hata kama umeenda kuchukua leseni ya gari na mtu wa dirishani amekuuliza swali la kura harakaharaka na kukusogezea fomu, sema hapana. Kosa hilo linaweza kukuharibia uraia na hata kukufukuzisha nchini, na kusema hukuelewa Kiingereza mara nyingi hakukuokoi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia hela yake kwenye kampeni na anaruhusiwa kujitolea, kugonga milango, kupika, kuendesha gari, na hiyo ni shule nzuri mno ya kujifunza mchezo ukisubiri zamu yako.

Kiti chenyewe kikoje

Baraza lina wabunge 100, muhula miaka miwili. Seneti ina 50, muhula miaka minne. Eneo moja la Baraza lina watu kama elfu 32, na maeneo mawili ya Baraza yakiunganishwa ndo eneo moja la Seneti. Ukomo wa mihula hakuna. Mshahara ni dola 25,000 kwa mwaka na posho ya kila siku wakati wa kikao, na hiyo posho inakatika baada ya siku 110 kwenye mwaka wa witiri na siku 100 kwenye mwaka wa shufwa, ikikatika kazi inaendelea bila posho mpaka mmalize. Hela ya kukulisha sio hiyo, itakulisha shamba au kazi nyingine. Chuck Grassley, huyu seneta mzee wa Washington, aliingia bunge la Iowa kwa uchaguzi wa 1958 akiwa mkulima wa Butler County, na miaka ya 1961 mpaka 1971 alikuwa analima, anatunga sheria na bado anafanya kazi ya kuunganisha vifaa kiwandani. Mjukuu wake Pat Grassley naye ni mkulima, aliingia Baraza kwa uchaguzi wa 2006 na tangu 2020 ndo Spika.

Kitu kimoja kinachomsaidia mkulima ni kalenda. Kikao kinaanza Jumatatu ya pili ya Januari, mahindi yameshavunwa, udongo umeganda kama saruji, kilichobaki ni mifugo na hesabu za kodi. Kwa kawaida kinatakiwa kuisha Aprili mwishoni au Mei mwanzoni, hapo ndo panapobana, maana planta, mashine ya kupandia, inatakiwa shambani muda uleule. Mwaka 2025 wabunge walivutana mpaka katikati ya Mei. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu yeyote unagombea, kaa na mke au mume wako, na kaka, na mtoto aliyebaki shambani, mkubaliane nani anapanda, nani anasaini mkopo wa mbegu na mbolea benki, nani anaamka usiku nguruwe wakizaa. Mkubaliane kwa mdomo na kwa maandishi. Kampeni nyingi za wakulima zinakufia jikoni kabla hazijafika barabarani.

Vikao ambavyo hakuna anayevitaka

Hapa ndo penyewe. Iowa ina kaunti 99, na kila kaunti imejaa viti vidogo vya kuchaguliwa ambavyo mjini hata hawajui kama vipo.

Chukua taunishipu, kale kaeneo kadogo ndani ya kaunti. Ina wadhamini watatu wanaochaguliwa, wanashughulikia zimamoto ya kijijini, makaburi, na ugomvi wa uzio. Kuna miaka kwenye karatasi ya kura hakuna jina hata moja, anashinda aliyeandikwa kwa mkono na majirani wachache. Mtu atasema kiti gani hicho sasa. Subiri ng'ombe wa fulani watoke waingie kwenye soya ya mwenzake. Wale watatu wanaitwa, wanavaa mabuti, wanatembea kwenye mpaka na wenye mali wawili ambao hawasemeshani, wanaangalia nguzo zilizooza na waya uliolegea. Desturi ya huku ni kwamba mnasimama katikati ya mpaka mkitazamana na kila mmoja anatengeneza nusu iliyo mkono wake wa kulia, ila wakishindwa kuelewana wadhamini ndo wanaamua nani atengeneze kipande gani na sheria inawapa nguvu hiyo. Sasa we fikiria, umeamua kesi kama hiyo, mmoja kanuna, na ukakutana naye Jumapili kanisani ukamsalimia na akaitikia. Mtu aliyeona ukifanya hivyo hahitaji tangazo lako la redio.

Kuna makamishna wa hifadhi ya udongo na maji, watano kila wilaya, muhula miaka minne, uchaguzi wao hauna chama. Wanahusika na hela za kusaidia wakulima kujenga matuta, kupanda mazao ya kufunika udongo, kuzuia mbolea isiingie mtoni. Ukikaa pale unajua mapema nani anapoteza udongo na nani amekwama na karatasi za serikali. Kuna baraza la ugani la kaunti, watu tisa wa kuchaguliwa, hilo linaenda na chuo cha Iowa State, na humo ndo kuna mambo ya 4-H, yani vijana na mifugo yao, kwa hiyo wazazi wote wa kaunti watakuona. Kuna bodi ya shule, uchaguzi wake Novemba ya miaka ya witiri. Kuna bodi ya maonyesho ya kaunti, hii sio ya serikali kihivyo, ni kuhangaika na mabanda, choo zilizoziba na nani kashinda kondoo bora, ila majina yanajengwa pale. Kuna bodi ya ushirika wa nafaka.

Alafu kuna Farm Bureau, chama cha wakulima. Hii usiiruke. Kila kaunti inayo, na wanachama wanakaa wanaandika maazimio, tunataka sheria ya barabara iwe hivi, kodi iwe vile, yanapigiwa kura kaunti, yanapanda kwenye mkutano wa sera wa jimbo wakati wa kiangazi, yanafika mkutano mkuu mwezi wa 12. Ukishapitisha azimio moja kutoka meza ya kaunti mpaka mkutano mkuu umejifunza nusu ya kazi ya mbunge, kuandika kitu kifupi kinachoeleweka, kuhesabu kura kabla ya kura, na kumwachia mwenzako asifiwe. Vyama vya mazao navyo ni ngazi hiyohiyo. Bill Northey alikuwa mkulima wa mahindi na soya kule Spirit Lake, akaongoza chama cha wakulima wa mahindi cha taifa zima, baadae akachaguliwa waziri wa kilimo wa jimbo mwaka 2006 na akakaa mpaka 2018 alipoitwa Washington.

Wengine wanapita kwa jengo la kaunti. Joni Ernst alikulia shambani karibu na Red Oak, akawa mkaguzi wa kaunti ya Montgomery, ndo ofisi inayosimamia uchaguzi huku, akaenda Seneti ya jimbo, 2014 akashinda useneta wa Marekani kwa tangazo moja la kuhasi nguruwe ambalo kila mtu Iowa analikumbuka. Kim Reynolds alikuwa mhazini wa kaunti ya Clarke kabla ya Seneti ya jimbo na ugavana. Njia ni tofauti ila zote zinaanzia chini.

Kwa watu wetu nasema hivi. Wapo Warundi na Wanyarwanda wanaolima mboga kwenye mashamba ya mradi wa Global Greens pale Des Moines, wanauza sokoni, wana ujuzi wa ardhi kuliko wengi. Ukishakuwa raia hakuna anayekuzuia kuomba kiti cha baraza la ugani. Anzia hapo. Usianze na bunge.

Chama

Jiandikishe Republican kwenye daftari la wapiga kura. Alafu nenda kokasi, yani vikao vya wanachama wa chama vya mtaa kwa mtaa. Watu wanajua kokasi za urais tu, zile kamera zinajaa, ila zinafanyika pia mwaka wa uchaguzi usio wa rais, usiku wa baridi Januari au Februari, kwenye maktaba ya shule au ukumbi wa kanisa, na mnakuwa wachache kiasi kwamba ukinyoosha mkono tu umepewa kazi. Kazi unayoitaka ni mjumbe wa kamati kuu ya chama ya kaunti, na uwe mjumbe wa mkutano wa kaunti unaofuata. Beba na pendekezo lako moja la ilani, la kurasa kumi usilete.

Kwa nini kamati ya kaunti? Kwa sababu mbunge akifa au akijiuzulu katikati ya muhula, uchaguzi mdogo hauna kura za maoni, mgombea wa chama anachaguliwa na wajumbe kwenye mkutano. Watu wachache sana wanaamua kwenye chumba kimoja na wanampigia wanayemjua. Hata kwenye kura za maoni za kawaida, kama hakuna aliyefikisha asilimia 35, uamuzi unarudi kwa wajumbe. Waliodharau kamati wanakuja kuikumbuka siku hiyo.

Na uwe mvumilivu na muda. Kiti kizuri ni kile ambacho mwenyewe anastaafu. Kumtoa mbunge wa chama chako aliyepo kunawezekana ila kunaacha vidonda kijijini kwa miaka. Nafasi kubwa nyingine ni pale mipaka inapochorwa upya baada ya sensa, Iowa inachorwa na ofisi ya wataalamu isiyo ya chama, mara ya mwisho 2021, na wabunge wawili wanaweza kujikuta ndani ya eneo moja wakati jirani kuna kiti kitupu.

Wadhamini, fomu na hela

Fomu haina ada. Unachotakiwa ni hati ya kiapo ya kugombea na sahihi za wadhamini, 50 kwa Baraza, 100 kwa Seneti, wote wakazi wa eneo lako wenye sifa ya kupiga kura. Kusanya mara mbili ya hizo. Dirisha la kurudisha linafunguka siku 99 kabla ya kura za maoni na linafungwa siku 81 kabla, saa 11 jioni, yani katikati ya Machi, na saa 11 na dakika moja hawakupokei hata ulie.

Angalia sana tarehe. Kila anayesaini aandike anwani yake na tarehe kwa mkono wake, ukisimama hapohapo unaangalia. Mwaka 2022 Abby Finkenauer, wa Democrat, aliyekuwa anautaka useneta wa Marekani, nusura aondolewe kwenye karatasi kwa sababu ya sahihi tatu zenye kasoro ya tarehe, jaji akamtoa, mahakama kuu ya jimbo ikamrudisha. Yeye alikuwa na mawakili. Wewe una pikap na kilipubodi, kwa hiyo simama pale kwenye mzani wa ghala la ushirika asubuhi watu wanapokunywa kahawa, glavu zikitoka wino unaganda, weka kalamu mbili ndani ya koti zipate joto, na usimwache mtu akaandika "tarehe kama ya hapo juu". Mwambie kwa heshima, mzee wangu, andika yako.

Hela sasa. Ukishapokea au kutumia zaidi ya dola 1,000 una siku 10 za kusajili kamati yako kwa fomu ya DR-1 kwenye bodi ya jimbo ya maadili na uwazi wa kampeni. Uwe na mhazini anayeweza hesabu kweli na akaunti ya benki ya peke yake. Iowa haina kikomo cha mtu binafsi kuchangia, ila kampuni haziruhusiwi kumchangia mgombea, na hapa wakulima wanaingia mtegoni bila kujua maana mashamba mengi yamesajiliwa kama kampuni ya familia. Jirani anakuandikia cheki kwa moyo safi, juu imeandikwa jina la shamba na Inc. Mrudishie, aandike ya akaunti yake mwenyewe. Na wewe usilipe mafuta ya kampeni kwa kadi ya shamba. Mabango kinyume chake, sheria inaruhusu bango kwenye ardhi ya kilimo ya mtu binafsi au ya shamba la familia, ila usilisimike kwenye hifadhi ya barabara, watu wa kaunti watalitupa na watakuwa na haki.

Kampeni inagongana na upanzi

Kura za maoni ni Jumanne ya kwanza baada ya Jumatatu ya kwanza ya Juni. Kupiga kura mapema kunaanza siku 20 kabla, yani katikati ya Mei. Hesabu mwenyewe, wiki zile ambazo unatakiwa kugonga mlango ndo wiki za mahindi na soya, na wale unaotaka kuwagongea nao wako kwenye trekta mpaka saa nne usiku. Kwa hiyo milango gonga Februari na Machi kukiwa na theluji, Mei baki na simu, kadi za posta na siku za mvua. Mvua ikinyesha Mei kila mkulima yuko ndani na ana hasira ya kukaa bure, hiyo ndo siku yako.

Nunua orodha ya wapiga kura, uangalie nani hupiga kura za maoni za Republican kila mara. Kwenye eneo la vijijini wanaojitokeza Juni ni elfu chache tu, usigonge nyumba zote. Ukifika uani, paki mahali wanapokuona kutoka dirishani, ngoja mbwa akunuse, usivuke shamba lililopandwa. Kama wewe ni mgeni wa lafudhi kama mimi, sema mapema unaishi barabara gani na umepakana na nani, mkishapata jirani mnayemjua wote wawili uso unalegea.

Maswali watakayokuuliza mezani

Mgombea mkulima anadhani akishasema napenda kodi ndogo, napinga utoaji mimba, natetea bunduki, amemaliza. Hayo kila mgombea wa Republican anasema, na mengi yameshakuwa sheria, kodi ya mapato ya jimbo imeshushwa mpaka asilimia 3.8 kuanzia 2025, kodi ya urithi imefutwa mwaka huohuo, sheria inayokataza utoaji mimba baada ya takriban wiki sita inafanya kazi tangu Julai 2024. Utapimwa kwenye yale ambayo Republican wenyewe kwa wenyewe wanagombana.

La kwanza ni bomba. Kampuni ya Summit Carbon Solutions inataka kupitisha bomba la hewa ya kaboni kutoka viwanda vya ethanoli, yani mafuta ya gari ya mahindi, mpango wa mwanzo ukiwa kwenda kuifukia North Dakota, na swali ni kama wapewe nguvu ya kutwaa njia kwenye ardhi ya asiyetaka kwa fidia. Mkulima mmoja anakwambia ethanoli ndo soko la mahindi yangu, bomba likikosekana viwanda vitahamia kwa wenzetu. Jirani yake anakwambia babu yangu alinunua ardhi hii, na mabomba yangu ya kutoa maji chini ya udongo watayakata nani atayarudisha. Wote Republican, wote wanasali kanisa moja. Mwaka 2025 maseneta 12 wa Republican waligoma kupitisha bajeti mpaka muswada wa kulinda wenye ardhi upigiwe kura, ukapita, na mwezi Juni gavana Reynolds wa chama chao akaukataa. Jirani zetu South Dakota 2024 wabunge 14 wa Republican waliangushwa kwenye kura za maoni na hili bomba likiwa moto, na 2025 jimbo lile likapiga marufuku kutwaa ardhi kwa ajili yake. Mimi nasimama na mwenye ardhi, nasema wazi. Ila chochote utakachochagua, kisemwe kilekile kwenye jiko la huyu na la yule, maana watapigiana simu kabla hujafika kwenye lami.

Shule ni la pili. Januari 2023 jimbo lilipitisha hela ya umma ifuate mtoto hata shule binafsi. Mwaka mmoja kabla, gavana alikuwa ameunga mkono wapinzani wa baadhi ya wabunge wa chama chake waliokataa mpango huo, na mwenyekiti wa kamati ya elimu ya Baraza, Dustin Hite, aliangushwa. Kijijini shule ya umma ndo ajira, ndo timu ya mpira, ndo mji wenyewe, na shule binafsi ya karibu inaweza kuwa kaunti nyingine. Kaa na msimamizi wa shule yenu uone bajeti kabla hujajibu.

Maji. Naitreti, kemikali ya mbolea, kutoka mashambani inaingia mito ya Raccoon na Des Moines, mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishtaki kaunti tatu kwa hilo, kesi ikatupwa 2017, lakini tatizo halikutupwa, Juni 2025 wakazi wa Des Moines na jirani walikatazwa kumwagilia nyasi kwa sababu mitambo ilikuwa inahangaika kusafisha. Usije ukasema ni uzushi wa watu wa mjini. Eleza umefanya nini kwenye ekari zako. Na mabanda ya nguruwe, sheria ya jimbo tangu 1995 imezinyima kaunti nguvu ya kuyazuia, kaunti inaweza tu kupima ombi kwa alama, 440 kati ya 880 umepita, kwa hiyo utamkuta mpiga kura anayependa serikali ndogo na anataka pia banda la jirani lisimnukie.

Na wahamiaji. Anayekamua ng'ombe na anayekata nyama kiwandani Waterloo ni mtu wetu. Ukiwa Republican mwenye jina la Kiswahili utaulizwa hili kila mlango, jibu kwa utulivu, sheria ifuatwe na mchapakazi aheshimiwe, na usiwakane ndugu zako ili upendwe.

Ukishinda, na ukishindwa

Ukishinda, usitafute ofisi yako, haipo. Mbunge wa Iowa anafanyia kazi kwenye dawati lake ndani ya ukumbi, karani pembeni. Muswada unaanza kwenye kamati ndogo, Baraza ni watu watatu tu na mwananchi yeyote anaingia kuongea, unaenda kamati, kisha ukumbini, kura 51 Baraza na 26 Seneti. Kuna tarehe mbili wanaziita faneli, muswada ambao haujapita hatua yake kufikia siku hiyo umekufa kwa mwaka huo, isipokuwa ya bajeti na kodi. Omba kamati ya kilimo, ndio, lakini omba na ya kodi, maana ardhi ya kilimo Iowa inakadiriwa kwa uzalishaji wake sio bei ya soko, na wapo kila mwaka wanaoiangalia hesabu hiyo kwa macho ya njaa. Jumamosi rudi nyumbani kwenye vikao vya kahawa na wananchi, hata wiki uliyopiga kura waliyoichukia. Hasa wiki hiyo.

Ukishindwa Juni, mpigie aliyekushinda usiku huohuo, toa mabango yako kwenye mashamba ya watu kabla mahindi hayajayafunika, lipa madeni, alafu amua na mhazini. Kama utajaribu tena acha kamati wazi na uendelee kupeleka ripoti kwa tarehe zake. Kama basi, jaza fomu ya DR-3 uifunge, kwa sababu kamati iliyo wazi inadaiwa ripoti hata kama haina senti, na faini yake inakuja na jina lako.